Wikendi ya kuonja: mvinyo, embe na mnazi wa Kanamai

Katika miaka niliyofanya kazi ya hoteli nilifungua chupa za mvinyo zisizo na idadi bila kujua kilichomo ndani. Weita haonji. Anaishika chupa kwa kitambaa, anamwonyesha mgeni karatasi iliyobandikwa, anamimina funda moja, anasubiri mgeni aitike kwa kichwa, kisha anazunguka meza akianza na kina mama. Nilijua mweupe huenda kwenye ndoo ya barafu na mwekundu hubaki mezani. Nilijua mgeni akinusa kizibo nisicheke. Zaidi ya hapo mvinyo ulikuwa kazi tu, na kazi ikiisha nilipanda matatu hadi Kisauni, nikanywa chai yangu ya tangawizi nikalala.

Haya ninayoyasimulia niliyapata baada ya kuacha hoteli, Januari moja ya jua kali, tulipokodi nyumba Kanamai, pwani ya kaskazini ya Mombasa, na marafiki. Tuliichagua Januari kwa makusudi. Watu wa bara wanaojaa pwani Krismasi huwa washarudi, shule zimefunguliwa, na mwenye nyumba aliyekuwa hashikiki bei mwezi wa kumi na mbili sasa anakupigia simu mwenyewe. Upepo ni wa kaskazi, na maji huwa maangavu kuliko wakati wa kusi, ambapo mwani hujaa ufukweni mpaka ukaogopa kuweka mguu.

Jambo la pili tulilolichagua, na hili watu wengi wa mjini hawalifikirii, ni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo siku za bamvua: maji hupwa sana na hujaa sana. Mombasa na jirani zake, siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Kwa hiyo asubuhi unatembea hadi mwambani, na jioni unaogelea mbele ya nyumba. Ukienda siku za maji mafu, mpangilio hugeuka. Nimewaona wageni hotelini wakilalamika kwa meneja kwamba bahari imeondoka. Ilikuwa pale pale; wao walikuja saa yake ya kupwa, na hakuna aliyewaambia.

Tulikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na dereva wa watalii tuliyefanya naye kazi zamani. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari, jirani yangu, mtu wa daftari na kalamu. Kulikuwa na rafiki yetu wa Tanga, aliyekuja kwa basi kupitia Horohoro na Lunga Lunga akiwa na chupa za mvinyo wa Dodoma alizozifunga kwa kanga ndani ya begi la nguo. Na kulikuwa na dada yetu wa Mji wa Kale, ambaye ni Mwislamu wa kweli kweli, hagusi kileo na haketi kwenye meza ya kileo. Aliliweka wazi mapema, kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza bei ya samaki: "Mimi naja kwa bahari na chakula. Meza ya chupa mimi sikai. Kama hilo ni gumu, semeni sasa, sina kinyongo."

Halikuwa gumu. Nasema hivi kwa sababu nimeona safari nyingi zikivunjika hapo hapo, mwenzenu asiyekunywa akageuzwa mlinzi wa mikoba na mpiga picha. Sharti lake ndilo lililotupa ratiba. Mchana ulikuwa wa wote. Chupa zilifunguliwa usiku, kwenye baraza ya nyuma, yeye akiwa ameshaswali Isha na kuingia ndani kuzungumza na dada zake kwa simu. Glasi za mvinyo tulikuja nazo sisi kwenye boksi, tukaziosha sisi, zikarudi kwenye boksi. Vyombo vya jikoni havikuguswa na mvinyo. Mifuko ya fedha pia ilikuwa miwili: mmoja wa nyumba, chakula na mafuta ya gari, tulichanga sote sawa, mwingine wa chupa, walichanga wanywaji peke yao. Mwalimu aliandika yote daftarini. Na ufunguo wa gari, jua likizama, ulikaa kwenye mkoba wa dada yetu. Dereva alinung'unika kidogo, ila anaijua barabara ya Mtwapa usiku, na anawajua askari wenye alkoblo, kile kipimo cha ulevi cha kupuliza.

Ijumaa nilipita soko la Kongowea kununua vitu. Ukitaka kuijua Januari ya pwani nenda Kongowea asubuhi: embe zimemwagwa chini kwenye magunia, ngowe na mdomo wake uliopinda, dodo, boribo, na hizi za duara zinazoitwa apple. Nilichukua za kila aina, nikachukua ukwaju, ndimu, nazi, pilipili za mbuzi. Samaki nilimwachia mtu wa huko huko Kanamai, kwa sababu samaki wa kupita foleni na jua la saa sita mimi simtaki.

Jumamosi asubuhi tulianzia Jumba la Mtwana, pale Mtwapa. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, uliokaliwa kwa muda usiozidi miaka mia moja hivi kisha ukahamwa. Mibuyu imeota kati ya nyumba, kuta za matumbawe zimebaki zimesimama, na chini kabisa, karibu na maji, kuna msikiti unaoelekea bahari na makaburi kando yake. Kaburi moja lina maandishi ya aya ya 185 ya Sura Aal Imran. Dada yetu akainama akatusomea, akafasiri: kila nafsi itaonja mauti. Dereva, ambaye ulimi wake hauna breki, akasema, "Basi hata hawa walikuwa na wikendi ya kuonja." Akatazamwa. Hakuna aliyemjibu, akaenda kupiga picha mibuyu.

Mimi lile neno sikuliacha. Nilikaa kwenye ukuta nikifikiria watu waliojenga nyumba zenye vyoo na visima vya ndani miaka mia sita iliyopita, ambao hapana shaka walijua samaki gani ni wa asubuhi na gani wa jioni, dafu gani limekomaa na gani bado. Sisi tulikuja na chupa kutoka mbali tukidhani ndiyo tunakwenda kujifunza kuonja.

Somo lenyewe lilitolewa mchana na mtu asiyekunywa. Tulikuwa tumekula, tumechoka na joto, na mwalimu akawa anasoma kwenye simu yake namna ya kuonja mvinyo: tazama rangi, zungusha glasi, nusa, chukua funda, lizungushe mdomoni. Dada yetu akiwa jikoni akasikia. Akatoka na kisu mkononi. "Hayo si mambo ya mvinyo," akasema. "Ngojeni."

Akarudi na sahani za embe zilizomenywa na kukatwa vipande vya mraba, ngozi na kokwa zimeachwa jikoni, ili mtu asibuni kwa umbo. Maji ya kusuuza mdomo kati ya kipande na kipande. Akatuambia tufumbe macho, tunuse kwanza, ndipo tuweke mdomoni, na tusimeze haraka. Dereva kabla hajamaliza kutafuna akapaza sauti: "Hii ngowe!" Sote tukaitikia, naam, ngowe. Dada yetu akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa boribo.

Kuanzia hapo ikawekwa sheria, na ndiyo sheria ninayoishika hadi leo: hakuna kusema mpaka wote wameandika. Wa kwanza kusema huwavuta wengine, hasa akiwa na sauti kubwa. Nilikumbuka meza ngapi hotelini nilisimama nyuma yake, mzee mmoja akasema mvinyo una harufu ya cheri, na meza nzima ikaanza kusikia cheri.

Kisha akatufanyisha kitu kingine. Bana pua, weka embe, tafuna. Nikabana. Nilipata utamu na uchachu kidogo, basi. Ningeambiwa ni papai iliyotiwa ndimu ningekubali. Nikaachia pua, embe ikarudi yote kwa mpigo. Ulimi peke yake unajua mambo machache: tamu, chachu, chumvi, chungu, na ule ukolezi wa mchuzi mzito. Yaliyobaki tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka mdomoni kuingia puani kwa nyuma. Ndiyo maana mwenye mafua halalamikii pilipili, hulalamika kwamba chakula hakina maana.

Yeye alilijua hilo tangu utotoni. Kwao wanapika udi. Anasema sukari ya udi ikizidi moto hata kidogo, bibi yake aliyeko sebuleni hupiga kelele kabla aliyeko jikoni hajaona. Amekulia kati ya udi, asmini, ambari na mafuta ya waridi. Pua yake ilipelekwa shule mapema. Aliweza kutofautisha ngowe iliyoivia mtini na iliyoivia guniani, na alipotueleza tofauti, ile ya guniani ina harufu iliyokatika njiani, na mimi nikaanza kuisikia. Mwalimu aliandika ukurasa mzima. Kati ya yote tuliyoyafanya wikendi ile, meza ya embe ndiyo pekee tuliyokaa sote, na ndiyo iliyotufaa zaidi usiku ulipofika.

Jioni, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye ngazi za bustani, tuliogelea. Sina mengi ya kusema kuhusu kuogelea. Aliyeoga bahari ya Januari saa kumi na moja hahitaji kuelezwa.

Usiku, baraza ya nyuma. Hapa ndipo kazi ya zamani ilipokutana na akili mpya. Vitabu na watu wa hoteli husema mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba cha nani? Maneno hayo yalizaliwa Ulaya, kwenye nyumba za mawe zenye baridi, ambako chumba kina nyuzi 16 hadi 18. Baraza yetu ya Kanamai, saa tatu usiku, ilikuwa bado inakaribia 30. Mvinyo mwekundu wa nyuzi 30 unanuka spiriti tu. Kila kingine kinajificha nyuma yake. Tuliutia kwenye ndoo ya barafu na maji kwa robo saa hivi. Barafu peke yake haitoshi, maana inagusa chupa hapa na pale. Maji ndiyo yanayoikumbatia chupa nzima, na ukitia chumvi ya jikoni inapoa upesi zaidi. Tulipoufungua tena ulikuwa kinywaji kingine. Mweupe nao, ambao hotelini tulikuwa tukiutoa kwenye friji na kuuzika kwenye barafu mpaka mwisho, una kosa la upande wa pili: ukiwa baridi kupita kiasi hauna harufu. Tuliutoa kwenye ndoo tukauacha upumue kidogo mezani, na kwa joto la pwani hauhitaji kungoja.

Chupa moja ilikuwa imekufa. Ya Afrika Kusini, nyekundu, tuliyoinunua kwenye duka moja mjini ambalo sitalitaja, ikiwa imesimama dirishani kupendezesha. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo, na shingo ya chupa ilikuwa na utomvu wa kunata. Hizo ni dalili kwamba kilichomo kilipata moto kikatanuka. Ndani kulikuwa na ladha ya jamu iliyoungua. Siku hizi nikinunua mvinyo Mombasa naangalia rafu ya ndani kabisa, ya chini, mbali na kioo, napapasa kizibo kwa kidole, na sijali karatasi imepambwa vipi. Jua letu halichagui chupa ya bei gani.

Chakula kilikuwa samaki wa kupaka, changu mzima, amechomwa kwenye makaa kisha akapakwa nazi nzito yenye ukwaju na pilipili. Tulikuwa tumemwekea dada yetu sahani yake ndani, pamoja na juisi ya ukwaju. Sisi nje tukajaribu mwekundu na samaki. Rafiki wa Tanga akakunja uso: "Nalamba msumari." Ilikuwa kweli. Mvinyo mwekundu huwa na madini ya chuma, na chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki hutoa shombo na ladha ya chuma mdomoni. Tukauweka kando kwa ajili ya mishikaki. Tukafungua mweupe wa Leleshwa, wa zabibu za upande wa Naivasha, mkali wa uchachu, na hapo samaki akapata mwenzake. Ulifanya kazi ile ile ambayo ndimu hufanya.

Kilichonishangaza ni ile ya Dodoma. Rafiki wa Tanga alikuwa ameileta kwa aibu, akisema ni tamu, ni ya kina mama wa harusini, msicheke. Kulikuwa na pweza wa pilipili, na pilipili na kileo haviombani radhi: kileo huzidisha moto mdomoni. Mweupe mkavu, yaani usio na utamu, ulituchoma. Ile tamu ya Dodoma ikauzima. Mwalimu, ambaye daftari lake lilikuwa limeshaanza kuandikwa kwa mteremko, aliipa alama ya juu kuliko zote, na nilipochungulia yangu nikakuta nami vivyo hivyo. Hakuna aliyesema kabla ya wote kuandika, kwa hiyo naamini.

Tulizungumza sana juu ya hizo sehemu mbili, Naivasha na Dodoma. Ufaransa mzabibu hulala wakati wa baridi, hupukutisha majani, na huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Huku karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuambia mwaka umeanza, kwa kuupogoa. Akipogoa vizuri anavuna mara mbili. Wapo wanaoidharau habari hiyo, wanasema mti usiolala hautoi mvinyo wa maana. Mimi sina elimu ya kubishana nao. Nina pweza tu, na glasi iliyokwisha.

Sasa mnazi, yaani tembo, ile pombe ya utomvu wa mti wa nazi. Jumamosi ile ile jioni, kabla ya mvinyo, tulikuwa tumepita kwa mzee mmoja mgema, Mgiriama, anayeishi nyuma ya barabara kuu. Dereva anamfahamu miaka mingi. Dada yetu alikuja nasi hadi uani, akaketi na mke wa mzee upande wa jikoni wakimenya mihogo. Alisema mapema kwamba hata ule mtamu wa kutoka mtini yeye hataonja, kwa kuwa hajui ulianza kuchacha dakika gani. Mzee akamwambia, "Mwanangu, unasema kweli. Hata mimi sijui."

Na hiyo ndiyo siri yote ya mnazi. Mvinyo wa zabibu mtu anauwekea tarehe, anauzika chini ya ardhi, anaurithisha watoto. Mnazi una saa. Mgema hulifunga karara, lile ala la maua ya mnazi, kwa kamba kabla halijapasuka, hulipigapiga taratibu siku kadhaa, kisha hulikata ncha kwa kotama, kisu chake cha kugemea, na kutundika chombo. Utomvu hudondoka. Kila anapopanda, asubuhi na jioni, hukata kipande chembamba ili kidonda kisizibe. Unapotoka mtini ni maji ya sukari tu, ila hewani na kwenye chombo chenyewe mna chachu, na uchachukaji huanza kabla mzee hajashuka. Baada ya saa chache una nguvu ya bia. Ukilala una nguvu na uchachu. Ukiuacha siku ya pili unaelekea kuwa siki. Karara linalotoa tembo halitoi nazi, kwa hiyo mwenye mti kila mwaka anachagua anataka nini.

Mzee alitutengea vyombo vitatu: uliotoka mtini jioni ile, wa asubuhi, na uliolala. Mti mmoja, alisisitiza, ule pale, akatuonyesha vidato vilivyochongwa kwenye shina mpaka juu. Tukapewa mirija yenye kichungi cha nyuzi chini, maana nyuki na wadudu nao hupenda tembo na hufia humo. Tulifanya kama tulivyofundishwa na embe: nusa, funda, kimya, andika. Uliotoka mtini ulikuwa na harufu ya dafu na maua, mtamu, na ulikuwa unachemka kidogo ulimini. Wa asubuhi ulikuwa umeshakauka utamu, una harufu ya mkate unaoumuka. Uliolala ulinikunja mashavu. Hotelini tulikuwa na mgeni mmoja aliyelipia chupa za shamba moja za miaka mbalimbali ili aone umri unavyofanya kazi. Sisi tulikuwa tumeona umri wa siku moja, kwenye ua, tukikalia magogo.

Mwalimu hakuweza kujizuia. "Mzee, tusikusifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Mzee akacheka. "Maji nitayatoa wapi mimi, juu ya mti? Anayetia maji yuko chini, barabarani, na ana kibanda."

Nilimwuliza kwa nini wa kwake wa jioni ni mtamu hivi, na ule niliowahi kuunywa mangweni, kwenye vilabu vya tembo, hata wa mapema, unakuwa mkali. Akanionyesha chombo. Yeye huviosha na kuvianika juani kila siku. Chombo kisichooshwa kina masazo ya jana, na masazo hayo ndiyo chachu. Utomvu mpya ukiingia humo unashika moto mara moja. Wengine hawaoshi kwa makusudi, kwa kuwa mteja wao anataka ukali haraka. Si ubaya, alisema, ni biashara nyingine. Habari ya saa pia aliijua kuliko askari. Sheria ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita ya Mututho, iliruhusu kileo kuuzwa kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Kwa tembo, hilo lina maana kwamba ule wa alfajiri, mtamu kuliko yote, hupita saa zake bora ukingoja sheria. Yeye huwapelekea wengine wa kupika, wanaouchemsha ukiwa bado mbichi wakapata asali ya tembo. Mke wake alitutolea kijiko. Dada yetu alimhoji kwanza: umechemshwa lini, umetoka mtini lini, chombo kilioshwa? Mama akajibu moja baada ya moja. Ndipo akalamba, akafumba macho, akasema ina moshi, ina nazi changa, na mwishoni kitu cha chumvi. Tukalamba tena sisi tulioikosa chumvi. Ilikuwapo.

Jumapili asubuhi tulitembea hadi mwambani maji yakiwa yamepwa. Vaa viatu vya plastiki. Wale viumbe weusi wa miiba hawana mchezo. Tuliona pweza mdogo akibadilika rangi ndani ya dimbwi, na baada ya usiku ule wa pilipili hakuna aliyetaka kumtazama machoni. Saa tano maji yalianza kurudi, nasi tukarudi mbele yake. Mchana wali na mchuzi wa tasi, usafi wa nyumba, foleni ya Mtwapa, ambayo sitampotezea mtu wa Mombasa muda kuieleza.

Mzee alikuwa amemkabidhi dereva dumu dogo la ule uliolala, na hakuna aliyelitaka. Nililichukua mimi. Nililifunika kwa kitambaa chepesi nikaliweka uvunguni mwa meza ya jikoni, na wiki zilivyosonga uchachu ulipanda na kileo kikatoweka, mpaka likawa siki safi, kali, yenye harufu ya mbali ya yale maua ya mtini. Nikatengeneza nayo achari ya embe mbichi. Dada yetu alipokuja kunitembelea akaiona chupa dirishani, akaifungua, akanusa muda mrefu.

"Hii imetoka kwa yule mzee."

"Imetoka kwake."

"Uliitia kitu chochote ili igeuke? Siki nyingine, mkate, chochote?"

Nilimwambia sikuitia kitu, iligeuka yenyewe. Nilijua kwa nini anauliza. Kwa Shafii, madhehebu ya wengi wa pwani, kileo kilichogeuka siki chenyewe kimetahirika. Kilichotiwa kitu kikageuzwa, hapana. Akaniuliza tena, kwa namna nyingine, kama hakimu anayejaribu shahidi. Nikamjibu vile vile. Akaomba chupa tupu yenye kifuniko kizuri, akamimina nusu, akaandika tarehe kwenye plasta akaibandika.

"Ya samaki hii," akasema. "Na mwakani mwambie mzee atuwekee ile asali, lakini ya mti ule ule."